Miezi Minne na Siku Kumi: Mchango Unaostahili Familia ya Mwanajeshi



Barabara inayotoka Thika kuelekea mashariki hupita Mwingi, hufika Garissa, kisha hushika njia ya Liboi hadi mpaka wa Somalia. Kwa wafanyabiashara ni njia ya mifugo na bidhaa. Kwa familia za wanajeshi wanaoishi Thika na Ruiru, ni upande ambao moyo huelekea kila simu inapochelewa. Thika kuna kambi inayojulikana kwa vikosi vya wahandisi wa jeshi, watu ambao kazi yao ni kufungua njia, kujenga madaraja na kutegua mabomu yaliyofukiwa. Upande wa Ruiru, wakazi wa Kahawa Wendani na Kahawa Sukari ni majirani wa kambi ya Kahawa. Ujirani huo ni wa siku nyingi: hata Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianzia katika majengo ya kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer, yaliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965.

Msomaji wetu wa Mombasa, Malindi, Lamu au Kwale anaweza kuuliza: hayo ya bara yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, jeshi la Kenya huandikisha vijana kutoka kaunti zote, wakiwamo wetu. Kijana wa Kisauni au wa Msambweni akipangiwa kazi Thika, mkewe humfuata huko, akaishi mbali na mamake, mbali na shangazi zake, mbali na majirani waliomlea. Siku ya msiba hana mlango wa karibu wa kubisha. Pili, huku kwetu pia kuna kambi, Mtongwe na Manda, na yatakayosemwa hapa juu ya mjane wa Thika ni yaleyale kwa mjane wa Likoni.

Familia hizi zinapochangiwa, mzungumzaji anayefaa kuliko wote huwa ni mwanajeshi mstaafu. Yeye amevaa buti, amelala mahandakini, ameshika mkono wa mwenzake aliyekuwa akikata roho. Maneno yake hayahitaji mapambo. Akisema kwamba fulani alikuwa baba wa watoto watatu, mikono huingia mifukoni kabla hajamaliza. Basi makala haya hayaulizi kama tumsikilize. Kumsikiliza ni haki yake. Yanauliza jambo ambalo mara nyingi husahauliwa baada ya fedha kuhesabiwa: mchango huo ununue nini kwanza?

Jibu letu, kwa kutazama sharia yetu na hali ya familia hizi, ni kwamba ununue muda. Ununue miezi minne na siku kumi.

Nyumba isiyokuwa ya marehemu

Nyumba ya kambini ni ya kazi. Mwanajeshi hupewa akiwa kazini, na familia hukaa humo kwa ajili yake. Walio nje ya kambi, katika mitaa ya kupanga ya Ruiru na Thika, hukaa kwa kodi inayolipwa na mshahara uleule mmoja. Mume akifariki, mjane hujikuta ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyekuwa akiimiliki katika wao wawili. Wakati huohuo sharia inamtaka akae eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe: miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue ikiwa ana mimba.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Furay'a bint Malik, dada yake Abu Said al-Khudri (r.a.), aliuliwa mumewe alipokuwa safarini akiwafuata watumwa waliomtoroka. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kueleza hali yake: mumewe hakumwachia nyumba anayoimiliki, wala masurufu, na yeye angependa kurudi kwa jamaa zake. Mtume kwanza alimkubalia. Alipokuwa angali anatoka, akamwita tena, akamtaka arudie maelezo yake, kisha akamwamuru akae katika nyumba yake mpaka muda ulioandikwa utimie. Akakaa miezi minne na siku kumi. Baadaye Khalifa Uthman bin Affan (r.a.) alituma mtu kwake amuulize juu ya habari hiyo, akaifuata katika hukumu zake. Kisa hiki kimepokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo.

Mama anayesoma habari hii aitafakari vyema. Hapa kuna mwanamke aliyefiwa, asiye na nyumba ya urithi wala akiba, naye anaambiwa akae. Ni nani basi atakayemwezesha kukaa? Wanachuoni wamesema kwamba mjane akitolewa kwa nguvu, au akiogopea nafsi yake, anaruhusiwa kuhama. Ruhusa hiyo ni rehema ya Mola kwa mwenye dhiki. Lakini jamii inayoweza kumwondolea dhiki hiyo, kisha ikamwacha aitumie ruhusa kwa kukosa kodi ya mwezi mmoja, imejinyima yenyewe thawabu.

Ndiyo maana tunasema mchango wa kwanza uwe wa kodi na chakula cha eda. Mafao ya serikali yana njia yake: fomu, vyeti, uthibitisho, sahihi za ofisi hii na ile. Hata yakienda kwa haki kabisa, huchukua muda. Tumbo la mtoto halina subira ya ofisi, na mwenye nyumba wa Ruiru hangoji faili. Pengo lililopo kati ya siku ya msiba na siku ya malipo ya kwanza ndilo pengo ambalo jamaa na majirani wanaweza kuliziba kuliko mtu mwingine yeyote.

Miezi minne ya mwezi mwandamo na siku kumi ni takriban siku 128. Fikirieni nyumba 128, huku Pwani na kule Thika na Ruiru, kila moja ikibeba siku moja ya kizuka mmoja: chakula cha siku hiyo, nauli ya mtoto kwenda shule, sehemu yake ya kodi. Hakuna nyumba itakayoelemewa, na hakuna siku itakayopita mjane akiwa peke yake. Hesabu hii haihitaji tajiri. Inahitaji daftari, karani mwaminifu na kina mama wasiosahau zamu zao.

Sunna ya nyumba ya Jaafar

Asili ya jambo hili ni kongwe kuliko mikutano ya michango. Mwaka wa 8 Hijria, katika vita vya Mu'ta, aliuawa Jaafar bin Abi Talib (r.a.), binamu yake Mtume. Mtume (s.a.w.) alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, kwa Asmaa bint Umays. Akaomba aletewe watoto, akawakumbatia, machozi yakimtoka. Asmaa akafahamu kabla hajaambiwa. Kisha Mtume akawaagiza watu wake waitengenezee familia ya Jaafar chakula, kwa kuwa imefikwa na jambo la kuishughulisha.

Huku kwetu sunna hiyo wakati mwingine imepinduka, wafiwa ndio wanaopika na majirani ndio wanaokula. Mjane wa mwanajeshi aliye mbali na kwao huweza kujikuta akikopa ili awalishe waliokuja kumpa pole. Tukianza na kulirekebisha hilo tu, tutakuwa tumemchangia kabla hata shilingi haijatoka.

Riwaya hazikuishia siku ya kwanza. Baada ya siku tatu Mtume alirudi, akataka waletwe watoto wa nduguye, akamwita kinyozi awanyoe vichwa vyao. Na mama yao alipotaja uyatima wao, Mtume alimtuliza kwamba yeye ndiye msimamizi wao duniani na akhera. Tazama mpangilio wake: siku ya kwanza chakula, siku ya tatu usafi na maisha ya kawaida ya watoto, na baada ya hapo usimamizi wa kudumu. Mkutano wa mchango unaofanywa mara moja kwa mwaka na kusahauliwa haujafika hata kwenye siku ya tatu.

Naye Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa akitembea usiku mitaani Madina, akamsikia mwanamke akilalamikia upweke wa mume aliyekuwa vitani. Akamuuliza binti yake Hafsa (r.a.) mwanamke anaweza kustahimili kwa muda gani kuwa mbali na mumewe. Kwa jibu lake, Umar akaweka mpaka wa muda wa askari kukaa vitani: miezi minne, na katika baadhi ya riwaya miezi sita. Kiongozi wa dola alibadilisha utaratibu wa jeshi lake kwa sababu ya sauti ya mke mmoja nyuma ya ukuta. Mke wa mwanajeshi aliyeko Kahawa Wendani, anayelea peke yake huku mumewe yuko Somalia, hajafiwa. Lakini naye ana haki ya kusikilizwa.

Ahadi zisizoandikwa

Historia ya Afrika Mashariki inatufundisha nini kinachotokea familia za askari zinapoachiwa maneno matupu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, maelfu kwa maelfu ya watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Jina la kikosi hicho, Carrier Corps, ndilo lililozaa jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa, na mishahara ya wengi kati ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Sanamu walijengewa, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Mombasa bado imesimama, na kati ya watu wake yumo askari wa kikosi cha Waarabu cha hapahapa Pwani. Sanamu ni heshima, lakini haimlipii yatima karo.

Katika vita vya pili, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyoondoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu 1,297, wengi wao wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wanawake. Ilizama kwa dakika chache. Bahari iliyowachukua ni hii tunayoiona kila asubuhi, na wake wengi hawakupata hata kaburi la kuzuru.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumba za Kiislamu ni wa Kibra. Wanubi, Waislamu waliotoka Sudan na kutumika katika jeshi la King's African Rifles, walikalishwa huko Nairobi na familia zao kuwa malipo ya utumishi wao. Ardhi ile ilitengwa kwa ajili ya jeshi mwaka 1918, ikiwa na zaidi ya ekari 4,000. Hawakupewa hati. Miji ikakua, serikali zikabadilika, na watoto na wajukuu wa askari wale wakaitwa wavamizi katika ardhi ya babu zao. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba haki za watoto wa Kinubi zilikiukwa kwa kunyimwa uraia wao tangu kuzaliwa. Hati ya ardhi ya jamii ilipatikana mwaka 2017, na ilikuwa ya ekari 288.

Mstaafu anaposimama leo kuzungumza, nyuma yake wamesimama hao wote. Na somo lao ni moja: haki ya familia ya askari iandikwe mapema, na isiachwe juu ya shukrani za watu.

Kungoja kusikokuwa na jina

Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011 kwa operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na mwaka uliofuata vikosi vyake vikawa sehemu ya jeshi la Umoja wa Afrika. Tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, kambi ya El Adde katika jimbo la Gedo ilishambuliwa na al-Shabaab. Serikali haikutangaza hadharani idadi kamili ya waliouawa. Vyombo vya habari vya nje vilitaja zaidi ya wanajeshi 140. Tarehe 27 Januari mwaka huohuo ilifanyika ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi, Eldoret, iliyohudhuriwa na marais wa Kenya, Somalia na Nigeria. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikashambuliwa kambi ya Kulbiyow.

Kwa wake wa wanajeshi, neno zito kuliko kifo lilikuwa "bado". Baadhi ya miili ya El Adde ilihitaji vipimo vya DNA ili itambuliwe. Wapo waliotekwa. Kulikuwa na siku ambazo mke hakujua kama ni mke au ni mjane, kama avae nguo zake za kila siku au akae kizuka.

Hapa elimu ya dini ni msaada mkubwa kama fedha, na ingefaa mkutano wa mchango uwe na sheikh pamoja na mstaafu. Mambo haya yafahamike:

Kwa rai ya wanachuoni wengi, eda ya mfiwa huanza siku aliyofariki mume, si siku habari ilipofika. Ikiwa uthibitisho umekuja wiki sita baadaye, wiki hizo zimehesabiwa. Ikiwa umekuja baada ya muda wote kupita, eda imekwisha.

Ikiwa mwili haukupatikana, kwa madhehebu yetu ya Shafi huswaliwa swala ya ghaibu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomswalia Najashi aliyefia Uhabeshi. Familia isinyimwe faraja hiyo kwa kusubiri jeneza.

Ikiwa hakuna uthibitisho wowote, mume huwa katika hukumu ya mafkudi, yaani aliyepotea. Umar bin al-Khattab alihukumu kwamba mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya mfiwa. Katika madhehebu ya Shafi iko kauli ya zamani inayokubaliana na hilo, na kauli mpya inayotaka angoje mpaka ipatikane yakini ya kifo au Kadhi ahukumu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kwa upande wake, humchukulia mtu kuwa amekufa ikiwa walio karibu naye hawakusikia habari zake kwa miaka saba, mpaka itakapothibitishwa vingine. Kwa hiyo mwanamke aliye katika hali hii asihukumiwe na majirani barazani. Mahakama ya Kadhi, kwa Ibara ya 170 ya Katiba, ina mamlaka katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Nauli ya kumpeleka kwa Kadhi, na mtu wa kufuatana naye, ni mchango pia.

Amana ya anayeomba na anayepokea

Kuna watakaouliza kama kuzisaidia familia hizi ni kuunga mkono vita. Tuseme wazi. Waislamu wa Kenya wana rai mbalimbali juu ya kwenda Somalia, na wapo katika Lamu na kwingineko wenye malalamiko yao dhidi ya vyombo vya usalama. Malalamiko hayo yana mahali pake, mahakamani na kwa wawakilishi wetu, na yasizimwe. Lakini mtoto wa miaka minne hakutia saini ya vita yoyote. Na waliovaa sare zile wakauawa na wanaojinasibisha na dini walikuwamo Waislamu waliokuwa wakifunga na kuswali.

Tena, wengi wa majirani wa Thika na Ruiru si Waislamu. Je, wajane wao wana fungu kwetu? Wanalo. Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alipomuuliza Mtume juu ya mamake aliyekuwa mshirikina, aliruhusiwa kumuunga. Na Qur'ani katika Surat al-Mumtahana haikukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu. Sadaka ni pana. Zaka ndiyo yenye mipaka: mafungu yake manane yametajwa katika aya ya 60 ya Surat at-Tawba, na kwa jumhuri ya wanachuoni fungu la mafakiri na masikini ni la Waislamu. Ujane peke yake haumfanyi mtu kuwa mstahiki wa zaka. Ufakiri ndio humfanya, au deni lililomshinda. Basi wakusanyaji watenge makasha mawili tangu mwanzo, la zaka na la sadaka, wasije wakachanganya amana za watu.

Waandalizi wajue pia kwamba makusanyo ya umma yana sheria yake nchini, na kibali kiulizwe kabla ya bango kubandikwa. Hesabu zisomwe kwa waliotoa. Wastaafu wanacho chama chao, DEFOCA, na tangu mwaka 2022 nchi ina sheria mahususi ya wanajeshi wastaafu. Familia iongozwe kwanza kwenye haki hizo, ili mchango wa jamii uwe nyongeza na usigeuke kisingizio cha kumnyima mtu anachodai.

Lililo zito kuliko yote ni sitara. Mjane asisimamishwe jukwaani alie ili fedha zitoke. Picha ya yatima anayepokea unga isizungushwe katika simu za watu. Qur'ani katika Surat al-Baqara imetuonya kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka, na imesifu ile inayotolewa kwa siri kwa mafakiri. Mstaafu ndiye aliyekubali kusimama na kusema, na aliyoyaona ni yake kuyasimulia. Yaliyomo ndani ya nyumba ya mjane si yake wala si yetu.

Na tusimsahau mstaafu mwenyewe. Wapo waliorudi na viungo pungufu, na wapo waliorudi wazima machoni huku usiku wakiruka kutoka usingizini. Jeraha la nafsi ni jeraha. Mke anayeishi na mume asiyeongea, au anayekasirika kwa mlio wa mlango, asiambiwe tu asubiri. Ampeleke kwa daktari, na amsomee dua. Yote mawili ni kutafuta sababu. Mkutano ukimalizika na makofi yakinyamaza, mtu mmoja amfuate mzungumzaji amuulize hali yake. Pengine hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kabla ya siku hiyo

Msaada mwingine haugharimu fedha, na wakati wake ni sasa, mume akiwa hai. Kila mke wa mwanajeshi, na kila mama wa mwanajeshi, akae na wake walitazame hili.

Ndoa iwe imeandikishwa na cheti kipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za Kiislamu na kutaka zisajiliwe. Anayeumia zaidi kwa kukosa cheti ni mke wa pili, ambaye jamaa humfahamu siku ya arusi na kumkana siku ya mafao.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote viwe mahali pamoja, na nakala ziwekwe kwa mtu wa kuaminika Pwani.

Majina ya jamaa wa karibu yaliyoandikwa kazini yapitiwe upya kila anapozaliwa mtoto au inapofungwa ndoa. Na ifahamike kwamba jina kuandikwa katika fomu hakuondoi haki ya warithi katika mali iliyokuwa ya marehemu. Mke ana thumni pakiwa na watoto, robo pasipokuwa nao, na wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilo. Mama wa marehemu ana sudusi pakiwa na watoto. Fedha zinazotolewa na mwajiri baada ya kifo zina maelezo yake. Kila aina ipelekwe kwa Kadhi au kwa mwanachuoni mjuzi kabla haijagawanywa, ili asidhulumiwe mjane wala bibi aliyemzaa askari.

Madeni yaandikwe, na mahari iliyobaki ihesabiwe kuwa deni, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Wasia usizidi thuluthi. Mambo haya yakizungumzwa katika utulivu wa baada ya chakula cha usiku hayaleti mkosi. Mtume (s.a.w.) amemhimiza Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa.

Ndugu msomaji, utakapoalikwa katika mkutano wa namna hii, Thika, Ruiru au karibu na kwako, nenda. Msikilize mzee aliyerudi. Kisha waulize waandalizi swali moja kwa adabu: katika familia tunazozichangia, ni nani yuko ndani ya eda sasa hivi, na kodi yake imelipwa mpaka lini? Wakiwa na jibu, toa kwa mkono wako wa kulia. Wasipokuwa nalo, umewapa kazi ya kwanza.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awalinde walioko safarini, awape wajane subira na sitara, na awajaalie mayatima wawe kitulizo cha macho ya mama zao. Amin.